Naombeni ushauri: klipu ya vita niliyoitegemea kumbe iliigizwa, niitoe?

Wakuu habari zenu. Natengeneza dokumentari ya dakika 12 ya chuo kuhusu vita vya pili vya dunia, na nimetegemea sana filamu za serikali ya Marekani za kipindi kile maana nyingi hazina hakimiliki, unapakua unakata unavyotaka. Kiini cha kazi ni kipande cha The Battle of San Pietro, filamu ya muongozaji John Huston, askari wanapanda kilima huko Italia mabomu yanalipuka, nami nikaandika chini "Desemba 1943, picha halisi za mapigano". Msimamizi wangu kaangalia kidogo tu akasimamisha, akaniuliza huyu mpiga picha kasimama wapi? Naangalia tena, jamani, kamera iko mbele ya askari inawatazama usoni, yaani jamaa kawapa mgongo Wajerumani na wala hana habari! Kwenda kusoma nakuta sehemu kubwa ya mapigano yale ilichezwa na askari kijiji cha San Pietro kikiwa kimeshatekwa. Zimebaki siku nne.

Kijiti: Toa maandishi mkuu, klipu iache. Askari wale ni wa kweli na kilima ni cha kweli, uongo ni neno lako "halisi".

Mama Rili: Mi naona aitoe tu, mtu akishaona bomu hasomi tena maandishi. Weka The Battle of Midway ya John Ford ya 1942, pale bomu likitua mkanda wenyewe unaruka kwenye kamera na Ford alijeruhiwa mkono siku hiyo.

Kijiti: @Mama Rili hiyo nayo sauti zimepachikwa baadaye, kuna mama anaongea kama vijana wote ni wanawe, kumbe ni muigizaji wa Hollywood 😂

Mzee Mkanda: Dogo, zima sauti uangalie filamu yote kimya, ndo utajua picha inasema nini na msimulizi anakulisha nini. Frank Capra, muongozaji wa Hollywood, kwenye Why We Fight, filamu alizotengenezea jeshi la Marekani, alichukua gwaride la Wanazi wenyewe, picha zilezile za Triumph of the Will zilizopigwa kumtukuza Hitler, akaweka msimulizi wake, likawa la kutisha. Halafu usimuonee Huston, mwaka 1945 alirekodi askari waliovurugwa akili na vita wakiwa hospitali, wanalia, wanashindwa kuongea, filamu inaitwa Let There Be Light, jeshi likaifungia zaidi ya miaka 30. Ya kilima cha kuigiza wakaionyesha, hii ikaenda kabatini. Ziweke pamoja.

Mleta uzi: Mzee Mkanda umeniokoa. Nimeamua klipu inabaki ila naigandisha palepale aliposimamisha msimamizi, kimya sekunde tano, halafu nauliza swali lake. Shida sasa nimefika dakika 14 badala ya 12, Midway itanisamehe.

Mama Rili: Haya, ila hilo neno "halisi" ushalifuta?