Mume wangu anatumia CPAP (mashine ya kumpulizia hewa akiwa amelala) lakini bado anaamka amechoka. Turekebishe nini kwanza?

Mama Nkuhungu

Mbukwenyi wapendwa. Naomba msaada wa wenye uzoefu, hasa mnaotumia mashine hizi au mnaohudumia wagonjwa wake.

Mume wangu ni dereva wa lori, njia yake ni Dodoma, Singida hadi Nzega. Miaka mingi amekoroma, na hilo tulishalizoea. Kilichokuwa kinanitisha ni ule ukimya. Anakoroma, ghafla kimya, kifua kinahangaika kuvuta hewa isiyoingia, kisha anashtuka kama mtu aliyeibuka kutoka majini. Tulimpeleka Dar es Salaam akapimwa usiku kucha, AHI ikatoka 38, yaani pumzi inakatika au kupungua mara 38 kwa kila saa ya usingizi. Daktari akasema hiyo ni apnia kali, yaani ugonjwa wa pumzi kukatika usingizini, akampa CPAP inayojipandishia presha ya hewa yenyewe pamoja na barakoa ya puani.

Anaivaa, namshukuru Mungu kwa hilo. Lakini asubuhi skrini inaonyesha AHI 11 au 12, na mvujo wa hewa lita 35 hadi 40 kwa dakika. Anaamka mdomo umekauka, kichwa kizito, na mara nyingi alfajiri nakuta barakoa ipo pembeni ya mto. Anasema mwanzoni mwa usiku anahisi hewa haimtoshi. Mchana bado anasinzia, na huyu ni mtu anayeteremka mlima Sekenke na mzigo.

Presha imewekwa 4 hadi 20, rampu (muda wa kupandisha presha taratibu mwanzoni) dakika 45, EPR (ile ya kupunguza presha anapotoa pumzi) imezimwa. Shemeji yangu anasema tupandishe tu presha. Mimi nasita. Kliniki yetu ni mwezi ujao.

Nesi wa Zamu

Dada pole sana, na umefanya vema kusita. Usiguse presha kabla ya kuziba mvujo. Kwenye mashine za kampuni ya ResMed, mvujo ukizidi lita 24 kwa dakika unahesabiwa mkubwa, na hapo hata namba ya AHI unayoiona huwezi kuiamini sana, kwa sababu mashine inashindwa kuhisi pumzi yake vizuri. Ukipandisha presha juu ya barakoa inayovuja, hewa itazidi kutoka tu, nayo itamkaushia macho na kumwamsha.

Nina maswali. Ana ndevu? Analala mdomo wazi? Barakoa ya puani kwa mtu anayefungua mdomo ni hewa kuingia puani na kutokea mdomoni, na ule ukavu uliousema unaniambia ndiko inakopita. Kama pua inaziba, pua itibiwe kwanza. Kama ni mazoea ya mdomo tu, wapo wanaofaidika na mkanda wa kidevu, wengine wanahitaji barakoa inayofunika pua na mdomo. Mikanda aikaze akiwa amelala chali na mashine inapuliza, siyo akiwa amekaa kitandani. Asikaze kupita kiasi pia, maana barakoa iliyobanwa sana inakunjamana na kuvuja zaidi.

Na hili la kusinzia, tafadhali, asiendeshe akiwa katika hali hiyo. Amwambie tajiri wake ukweli, apewe kazi ya yadi kwa muda.

Mjukuu wa Ipagala

Mama, mimi ni mtumiaji. Hiyo 4 hadi 20 ndiyo mashine inavyotoka kiwandani, bado haijapimwa kwa mwili wa mzee. Kwa watu wazima wengi, 4 inaleta hisia ileile ya kukosa hewa aliyokwambia. Isitoshe, mashine ikianzia chini hivyo inasubiri koo lifunge ndipo ianze kupanda, na hadi ifike panapotakiwa keshakata pumzi.

Tafuta kwenye taarifa zake namba ya presha ya asilimia 95, yaani ile ambayo mashine haikuizidi kwa asilimia 95 ya usiku. Tuseme ni 11. Daktari anaweza kukubali kuinua kiwango cha chini hadi 7 au 8 na kushusha kile cha juu. Mpigieni simu, mtumieni picha za skrini, msisubiri mwezi ujao. Kama mashine ina kadi ya SD, ipo programu ya bure inaitwa OSCAR, inaonyesha usiku mzima kwenye kompyuta, dakika kwa dakika.

Kuhusu EPR, inapunguza presha wakati wa kutoa pumzi, ngazi ya 1 hadi 3. Wengi inawapa nafuu. Ila presha ikiwa 4 haina pa kupungua, maana mashine haishuki chini ya hapo. Kwa hiyo kuiwasha sasa hivi, mwanzoni mwa usiku hataona tofauti yoyote. Na rampu ya dakika 45 ni ndefu mno kwa mtu anayesinzia haraka: amelala tayari, presha bado ndogo.

Badilisheni kitu kimoja, mkiache siku kadhaa, muangalie namba na muangalie mtu mwenyewe. Ukigeuza vitatu kwa usiku mmoja hutajua kipi kimesaidia.

Nesi wa Zamu

Naongezea jambo moja. Muulizeni daktari hizo AHI 11 za skrini, pumzi zinakatika kwa aina gani. Mashine inatofautisha kukatika kwa pumzi kwa sababu koo limeziba na kule ambako koo liko wazi ila ubongo hautoi amri ya kuvuta hewa. Ile ya pili haitibiwi kwa kupandisha presha, na kwa baadhi ya watu presha kubwa au EPR ya juu huiongeza. Shemeji asiguse kitu.

Mkulima wa Hombolo

Mimi nalima zabibu na mvinyo naupenda, lakini pombe jioni inalegeza misuli ya koo, apnia inazidi. Dawa za usingizi zisizoandikwa na daktari nazo ni hatari kwake. Alale ubavu, wengi hukata pumzi zaidi wakilala chali.

Mama Nkuhungu

Mungu awabariki. Ndevu anazo, za kidevuni na za juu ya mdomo, na mdomo anaufungua. Tumempigia daktari. Amesema tunyoe, turekebishe mvujo kwanza, rampu iwe dakika 10, halafu tumtumie taarifa za wiki moja ndipo aamue presha.

Maswali mawili. Tangi la maji la mashine, la kuipa hewa unyevu, limeota ukoko mweupe, tunatumia maji ya bomba yaliyochemshwa. Na akirudi barabarani atalalaje na mashine ndani ya lori?

Mjukuu wa Ipagala

Maji yetu ya Dodoma yana chumvichumvi, na kuchemsha kunaua vijidudu lakini chumvi inabaki. Tumieni maji yaliyotoneshwa (distilled), ulizieni duka la dawa au la vifaa vya maabara. Msinunue chupa iliyoandikwa maji ya betri bila kujua kilichomo, nyingine ni asidi. Ukoko uondoeni kwa siki nyeupe, sehemu moja kwa sehemu kumi za maji, kisha suuzeni sana. Majira haya ya upepo na vumbi kagueni filta kila wiki. Unyevu pandisheni ngazi moja moja. Maji yakijikusanya kwenye bomba la hewa linalokwenda kwenye barakoa usiku wa baridi, lifunikeni kwa kitambaa na mashine ikae chini kuliko kichwa.

Fundi Umeme Chang'ombe

La lori niachieni. Soma kibandiko nyuma ya mashine, nyingi za ResMed zinataka volti 24 za DC. Malori mengi yana volti 24, lakini usiunge waya moja kwa moja, umeme wa gari unapanda na kushuka. Nunua adapta ya gari iliyotengenezwa kwa modeli hiyohiyo. Akilala Manyoni au Singida, azime tangi la maji na bomba la joto, ndivyo vinavyokula betri kuliko kupuliza kwenyewe, na maji ayamwage kabla ya kuondoka yasije yakaingia kwenye mota njiani. Niandikie namba ya modeli nikuangalizie.