Kozi ya matatizo ya usemi hapa Mbeya: mnafundishaje kupima mtoto wakati kipimo cha Kiswahili hakuna?

Kijana_wa_Iyunga

Wakuu, habari za kazi. Muhula ujao nimepangiwa kozi ya matatizo ya usemi na mawasiliano kwa wanafunzi wa mwaka wa 2, elimu maalumu, pamoja na kikundi kidogo cha wauguzi. Msingi wangu ni isimu. Fonetiki haina shida, upande wa kliniki ndio mwembamba.

Vitabu vya maktaba vyote ni vya Kiingereza. Vipimo vilivyomo vina picha za mtu wa theluji na mashine ya kuchoma mkate, mtoto wa Rungwe ataishia kunishangaa tu. Naomba msaada kwenye haya:

1. Nitafsiri kipimo kilichopo au niunde kipya?
2. Mtoto anayesema "karamu" akishika kalamu, ana tatizo au ni lafudhi ya nyumbani?
3. Vitendo niviendesheje, maana tabibu wa usemi huku kwetu anatafutwa kwa tochi?

---

Kitambaza_Iringa

Kamwene, mwalimu. Usitafsiri. Kipimo cha matamshi cha Kiingereza kimejengwa juu ya sauti za Kiingereza: konsonanti mwanzoni, katikati na mwishoni mwa neno, nyingi kwenye maneno ya silabi moja. Maneno ya Kiswahili karibu yote huishia na irabu, kwa hiyo safu ya "mwishoni" inabaki tupu. Vile ambavyo kwetu vinawapa watoto kazi havimo, au havimo kwa namna yetu: nazali tangulizi, yaani sauti ya puani iliyoungana na konsonanti inayofuata (mb, nd, nj, ng, nz, mv), ng' ya ng'ombe, m inayobeba silabi peke yake kama kwenye mtu na mkate, na w inayofuata konsonanti kama kwenye mbwa. Ukitafsiri utapata kipimo cha Kiingereza kilichovaa kanga.

Orodha uiunde na wanafunzi wenyewe darasani, ni zoezi zuri la wiki ya 3 au ya 4. Kila konsonanti ipate angalau maneno 2, moja sauti ikiwa mwanzoni na jingine ikiwa katikati. Kwa mfano p: paka, kikapu. Ch: chai, parachichi. Mb: mbuzi, nyumba. Z ya katikati: ndizi, meza. Ukimaliza utakuwa na maneno kama 50 hadi 60, na mtoto wa miaka 4 akipewa mapumziko mafupi atayamaliza. Changanya urefu wa maneno, yasiwe yote ya silabi 2. Mtoto anayesema "paka" sawasawa anaweza kumeza silabi nzima ya "parachichi", na hilo hutaliona ukitumia maneno mafupi tu.

Picha ziwe za vitu ambavyo mtoto wa huku anaviona: kikapu, jembe, chai, parachichi, ng'ombe, sufuria. Piga picha halisi, kitu kimoja kwa kila picha, mandhari isiyo na fujo. Michoro inawachanganya watoto ambao hawajazoea vitabu. Kabla ya kuitumia orodha, wape watoto wachache wasio na tatizo lolote. Picha ambayo wengi wanaiita jina jingine, itoe.

Namna ya kuuliza: "Hii nini?" Akikwama, mpe kidokezo cha matumizi ("tunakata nayo nyama"). Akikwama tena, sema wewe naye arudie, lakini andika alama tofauti kwa neno la kurudia. Wanafunzi wengi hulisahau hili, halafu matokeo yanaonekana mazuri kuliko hali ya mtoto ilivyo, kwa sababu kuiga ni rahisi kuliko kutamka mwenyewe.

Kuhusu r na l: lugha nyingi za nyanda za juu hazizitenganishi kama Kiswahili sanifu kinavyofanya. Kanuni ni moja: sikiliza mama, baba, bibi na watoto wa jirani wanavyotamka. Kama nyumba nzima inasema "karamu", mtoto yuko salama, andika "lafudhi" na usonge mbele. Vivyo hivyo dh inayotoka kama z, th kama s, na gh kama g. "Golofa" si ugonjwa. La kuuliza zaidi ni pale mtoto anaposema t badala ya k ("tutu" kwa kuku) akiwa na miaka 4 na zaidi, au anapodondosha sauti ambazo ndugu zake wadogo tayari wanazo.

Upo utafiti wa Gangji, Pascoe na Smouse wa mwaka 2015 kuhusu matamshi ya Kiswahili kwa watoto wa shule ya awali hapa Tanzania. Wenyewe wameuita wa awali, watoto ni wachache. Utumie kama mahali pa kuanzia, usiufanye sheria ya Rungwe au Kilolo.

Baada ya hapo hesabu asilimia ya konsonanti sahihi: zilizo sahihi gawanya kwa zote zilizotarajiwa, zidisha kwa 100. Shriberg na Kwiatkowski walipendekeza mwaka 1982 kwamba 85 na kuendelea ni tatizo dogo, 65 hadi 85 dogo hadi la kati, 50 hadi 65 la kati hadi kubwa, chini ya 50 kubwa.

---

Mnazi_wa_Vipasuo

Mama wa Iringa nakubaliana nawe kote isipokuwa hapo mwisho. Mipaka hiyo ilipatikana kwa watoto wanaozungumza Kiingereza, na kutokana na maongezi ya kawaida, siyo orodha ya picha. Ukiibandika kwenye orodha yetu unarudia lile kosa la kutafsiri, ila safari hii kwa tarakimu. Asilimia wahesabu, ni zoezi zuri na inasaidia kumlinganisha mtoto na yeye mwenyewe baada ya miezi 3. Majina ya "dogo" na "kubwa" wayaache mpaka tuwe na takwimu zetu.

Jingine, ripoti isiishie kwenye namba. Iseme *ni mpangilio gani*: anapeleka sauti za nyuma mbele, anageuza vikwamizi (kama s na f) kuwa vipasuo (kama t na p), anadondosha silabi isiyo na mkazo. Mwalimu wa darasa la awali ataifanyia kazi ripoti ya namna hiyo. "Asilimia 62" ataifungia kabatini.

---

Sikio_Kwanza

Wote mmeruka hatua. Kabla ya orodha ya picha, usikivu. Mtoto aliyechelewa kusema hapimwi matamshi kabla masikio hayajaangaliwa, na hili wanafunzi walishike kuliko yote.

Uchunguzi wa shuleni: odiometa (mashine ya kupima usikivu) iliyohakikiwa ndani ya mwaka mmoja, hezi 1000, 2000 na 4000, kila sikio peke yake, kwa desibeli 20. Chumba kikiwa na kelele kidogo watu hupandisha hadi 25, na hapo iandikwe wazi kwenye fomu. Kelele za chumba zisizidi desibeli 40 hivi. Hapo ndipo Mbeya inapowashinda wengi: mvua ikipiga bati, hakuna kipimo cha usikivu, hata uweke mtoto kona gani. Vitendo vya usikivu viwekwe kati ya Juni na Oktoba, asubuhi, darasa lililo mbali na uwanja na mashine ya kusaga. Kama muhula wako unaangukia masika, fundisha kifaa chuoni na usitoe matokeo ya mtoto yeyote.

Mtoto akiikosa sauti yoyote kati ya hizo, hata moja tu, kwenye sikio lolote, rudia siku nyingine. Akishindwa tena, rufaa kwa daktari wa masikio. Mara nyingi kinachokutwa ni nta au usaha, vitu vinavyotibika.

Na udata. Wazazi wengi watakuambia mtoto hasemi kwa sababu ulimi umeshikwa, akatwe. Kamba fupi ya ulimi inaweza kusumbua kunyonya na baadhi ya sauti za ncha ya ulimi. Haiwezi kumfanya mtoto wa miaka 3 asielewe "lete kiatu". Ukiona kuelewa nako ni shida, tafuta usikivu, usonji au ukuaji kwa jumla. Kukata kimeo nako hakuleti usemi, kunaleta damu na maambukizi. Wanafunzi wajifunze kulisema hili kwa heshima mbele ya bibi wa mtoto, maana mara nyingi mwenye uamuzi ni yeye.

---

Kijana_wa_Iyunga

Ndaga fijo, mmenifungua macho. Nina maswali 2 ya nyongeza. Mtoto aliyeshonwa kaakaa, wanafunzi wapimeje king'ong'o (usemi unaotokea puani) bila mashine? Na urefu wa sentensi: kitabu kinasema hesabu maneno, lakini "sikumwona" ni neno moja!

---

Kitambaza_Iringa

La king'ong'o kwanza. Unahitaji sentensi isiyo na nazali hata moja, na hapa Kiswahili kina mtego: ukitumia wakati uliopo umeshaharibu, maana *-na-* yenyewe ina nazali. Tumia *-li-*. "Baba alitupa kikapu." "Dada alipasua kioo." "Kaka aliosha kiatu." Weka kioo kidogo kilichopoa chini ya pua. Kiingize mtoto akiwa ameshaanza kusema na ukitoe kabla hajamaliza, la sivyo pumzi yake ya kawaida itakifunika ukungu na utamsingizia. Ukungu ukitokea katikati ya sentensi hizo, hewa inavuja puani. Kisha arudie huku pua imebanwa: sauti ikibadilika waziwazi, ni dalili ileile. Kwa upande wa pili tumia "Mama anamenya ndimu". Pua ikiwa imeziba, hiyo itatoka kama ya mtu mwenye mafua makali.

Onyo: usiwafundishe kupuliza puto au filimbi kama tiba ya king'ong'o. Zoezi hilo ni maarufu na halisaidii usemi, kwa sababu kaakaa laini linavyofanya kazi wakati wa kupuliza ni tofauti na wakati wa kusema. Kama kaakaa halifiki nyuma, huyo ni wa kurudishwa kwa daktari wa upasuaji.

La urefu: hesabu mofimu, yaani vipande vidogo vya neno vyenye maana. "Sikumwona" ni si-ku-mw-on-a, mofimu 5. "Amelala" ni a-me-lal-a, 4. Amueni mapema kama irabu ya mwisho inahesabiwa, mwandike kanuni hiyo juu ya fomu, wote muifuate. Chukua sentensi 50 hadi 100 za maongezi huru na upate wastani. Na msikimbilie kuandika makosa: "nalala" kwa "ninalala" ni usemi wa kila siku wa watu wazima, na "kitabu yangu" huku bara utaisikia hata kwa asiye na tatizo lolote.

---

Wodi_ya_Mwisho

Kwa ajili ya wale wauguzi: wape somo la matatizo ya kumeza, maana mgonjwa wa kiharusi watakutana naye kabla hawajakutana na mtoto wa kigugumizi. Mfumo wa kimataifa wa IDDSI, unaopanga uzito wa vinywaji na ulaini wa vyakula kwa wenye shida ya kumeza, una ngazi 0 hadi 7, na vinywaji vinapimwa kwa bomba la sindano la ml 10 tu. Hakikisha umbali kutoka alama ya 0 hadi ya 10 ni mm 61.5, kwa sababu mabomba hayafanani. Toa kisukumio, ziba tundu kwa kidole, jaza uji mpaka 10, achia sekunde 10, ziba tena, soma kilichobaki. Chini ya ml 1 ni ngazi 0. Kati ya 1 na 4 ni ngazi 1, 4 hadi 8 ni ngazi 2, zaidi ya 8 huku ukiendelea kudondoka ni ngazi 3. Usipodondoka kabisa ni ngazi 4, na huo unathibitishwa kwa uma na kijiko.

Kosa la kawaida: uji unapimwa jikoni ukiwa wa moto, mgonjwa anaupata umepoa na umeganda. Pima katika joto ambalo ataunywa. Kosa jingine ni mabonge: uji wenye mabonge haufai kwa kipimo hiki wala kwa mgonjwa huyo, uchujwe. Na ngazi ya mgonjwa haiamuliwi na mwanafunzi.

---

Mnazi_wa_Vipasuo

Swali la 3 halijajibiwa. Kozi ya krediti 12 ni saa 120 za kazi ya mwanafunzi kwa jumla, siyo za mihadhara. Tenga angalau theluthi kwa vitendo, kwa mpangilio huu: kunukuu rekodi darasani (kuandika matamshi sauti kwa sauti), kutazama mtoto bila kumgusa, kisha kupima wawili wawili. Kila rekodi inukuliwe na wanafunzi 2 bila kuoneshana, halafu walinganishe sauti kwa sauti. Wakikubaliana chini ya asilimia 80, wasiende shuleni bado. Rekodi ziwe WAV, 44.1 kHz, kipaza sauti sentimita 20 hivi kutoka mdomoni. Zile za WhatsApp zinabanwa na s na sh zinaharibika, huwezi kuzinukuu. Praat, programu ya kuchambua sauti, ni ya bure na inatosha kwa uchambuzi.

Ili ujue kina cha fani: Marekani anayesomea utabibu wa usemi anahitaji saa 400 za kliniki, 25 kati yake za kutazama. Wanafunzi wako hawatafika huko, kwa hiyo kwenye fomu yao kiandikwe "uchunguzi wa awali" na pasiwe na nafasi ya kuandika jina la ugonjwa.

Barua za kuingia shuleni zianze sasa: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, ndipo mwalimu mkuu. Ridhaa ya mzazi iwe kwa maandishi, na isomwe kwa lugha ya nyumbani panapohitajika. Kama data zitakuwa utafiti wa kuchapishwa, kibali cha maadili kitangulie, hakipatikani baada ya kazi kufanyika.

---

Sikio_Kwanza

Nyongeza ndogo kwenye fomu ya ridhaa: weka mstari unaouliza mtoto anasikia lugha gani nyumbani, na kwa nani. Kama bibi anaongea naye Kinyakyusa au Kisafwa kutwa nzima, tafuta mwanafunzi wa lugha hiyo akae naye kwanza. Mtoto anayenyamaza kwa Kiswahili na kuhadithia vizuri kwa lugha ya bibi hana tatizo la lugha, asiingizwe kwenye orodha ya rufaa.