Kemikali ukishaimimina kwenye chupa ndogo, lebo ni lazima au siyo?

dada_wa_Igogo:
Wakuu habari za jioni, naombeni msaada. Niko kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, upande wa usafi. Klorini na kostiki soda zinakuja kwenye madumu makubwa, lebo zipo safi kabisa, shida inaanza tukishamimina kwenye chupa za kupulizia na vidumu vya lita 5, hapo hakuna jina wala alama, kila mtu anajua ya kwake kwa rangi ya kifuniko, shifti ya usiku ikiingia inakuta vimepangwa tu stoo basi wanaanza kunusa. Kunusa jamani! Suphavaiza anasema lebo ya dumu kubwa inatosha. Sheria inaruhusu kweli?

mkuu_wa_zamu:
Dada, mimi nilisoma mtandaoni OSHA, wale wa usalama na afya kazini, wanasema ukimimina kwa matumizi ya papo hapo lebo siyo lazima. Naona bosi wako hajakosea sana.

fundi_Nyakato:
Mkuu hiyo uliyosoma ni ya OSHA ya Marekani, siyo OSHA yetu ya hapa Tanzania, majina yanafanana ndiyo maana wengi wanachanganya. Na hata hao Wamarekani hawajaachia hivyo, ruhusa yao ni kwa yule aliyemimina mwenyewe tu, aitumie yeye, tena ndani ya shifti ile ile. Ukimwachia mwenzako haikuhusu tena. Sasa chupa za dada zinalala stoo zinasubiri watu wa usiku, hapo papo hapo iko wapi?

Kwetu kuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya 2003, mzigo wa kulinda wafanyakazi iko kwa mwajiri. Halafu Tanzania imeridhia mkataba wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) namba 170 wa mwaka 1990 unaohusu kemikali, soma kifungu cha 11, kinaongelea jambo hili hili: kemikali ikihamishiwa chombo kingine mwajiri ahakikishe mfanyakazi anajua ni nini, ina hatari gani na achukue tahadhari gani. Mwonyeshe suphavaiza, kwa heshima lakini mwonyeshe.

Na hiyo ya kunusa ikome leo leo. Kostiki ikishayeyuka kwenye maji haina rangi wala harufu, kwa hiyo anayenusa anaambulia sifuri anadhani ni maji. Klorini nayo ikikutana na tindikali, ile mnayotolea ukoga kwenye mashine, inatoa gesi ya sumu, na stoo zenyewe dirisha moja.

mama_stoo:
Naongezea ya vitendo maana lebo kuandika ni rahisi, kubaki ndiyo kazi. Maka peni kwenye kiwanda cha samaki haifiki mbali, maji kila saa na klorini inakula wino. Sisi tunachapa karatasi, tunapiga laminesheni, tunatoboa tundu tunafunga kwa waya kwenye mkono wa dumu. Inaandikwa Kiswahili: jina kama lilivyo kwenye dumu kubwa, imezimuliwa kiasi gani, tarehe ya kuchanganya (klorini inaisha nguvu kwa joto na mwanga), neno HATARI au ONYO, na ile alama ya mpaka mwekundu inayoonyesha kimiminika kinamwagikia mkono na chuma. Vaa glavu na miwani. Ikiingia machoni osha kwa maji yanayotiririka dakika 15 au zaidi huku mwenzako anaita msaada. Usitunge kichwani, omba SDS, yaani karatasi ya taarifa za usalama wa kemikali, kwa anayewauzia, ina sehemu 16, hatari zipo ya 2, huduma ya kwanza ya 4, vifaa vya kujikinga ya 8.

Na chupa za maji ya kunywa piga marufuku hata kama mmebandika lebo. Mtu katoka kupanga maboksi ana kiu, ataangalia lebo saa ngapi?

dada_wa_Igogo:
Asanteni sana, mmenisaidia mno. Swali la mwisho, lile dimbwi la kukanyagia gamboti pale mlangoni nalo? Halina hata pa kufunga waya.

fundi_Nyakato:
Nalo linaingia, kifungu hakijaishia kwenye chupa, kinataja na vifaa vingine. Weka bango ukutani usawa wa macho, klorini, ukali wake, na nafasi ya kuandika saa yalipobadilishwa maji, maana uchafu wa gamboti unamaliza nguvu ya klorini haraka sana. Anayebadilisha ndiye aandike saa, siyo suphavaiza kujaza jioni zote kwa mpigo.