Kupatwa kumegeuzwa ngazi 100 za kuokotea zawadi

Wakuu, salaam. Nimezima mashine dakika kumi zilizopita na hasira haijashuka. Gemu ninayoisema mnaifahamu, Berserk and the Band of the Hawk, ile ya kufyeka maadui iliyotoka Japani mwaka 2016 na kusambazwa kwingineko mwaka uliofuata, na watengenezaji wake, Omega Force, mnawafahamu pia: watu ambao ukiwapeleka msibani wataangalia kwanza kama uwanja unatosha askari elfu moja wa kufyekwa.

Hawa wameichukua siku ya Kupatwa kwa jua, siku mbaya kuliko zote katika manga (hadithi ya michoro ya Kijapani) ya Berserk, wakaifanya shimo la ngazi 100 ambalo mchezaji hushuka akiua mizuka na kupokea zawadi, kisha wakaliita Kupatwa Kusikoisha. Ngazi 100, wakuu.

Kentaro Miura alianza kuichapisha hadithi hii mfululizo mwaka 1989, na kabla ya kutufikisha siku hiyo alitukalisha muda mrefu na Kundi la Mwewe, askari wa kukodiwa, tukazijua hata chuki zao ndogondogo, tukamwona Judeau akimpenda Casca, mwanamke mpiganaji wa kundi hilo, bila kuthubutu kumwambia. Ndipo Griffith, kiongozi waliyemfuata kwa miaka, anawatoa wote sadaka kwa mashetani. Guts, shujaa mkuu wa hadithi, anajikata mkono wa kushoto ulionaswa katika meno ya shetani ili amfikie Casca, na bado hamfikii. Anapoteza jicho la kulia huku Casca akidhalilishwa mbele yake, na akili ya mwanamke yule shujaa inapotea kwa muda mrefu. Kurasa zile zinaumiza kwa sababu mpiganaji hodari kuliko wote hawezi kufanya lolote. Katika gemu, mpiganaji huyo huyo anazungusha upanga mara moja na mizuka hamsini inaruka hewani kama pumba kwenye ungo.

Tena unaruhusiwa kumchagua Judeau, aliyekufa siku ile akimlinda Casca, umrudishe shimoni akaokote zawadi. Nilipoliona jina lake chini ya jina la mahali pale, nilishindwa kuendelea. Wala uchungu wenyewe hawakujisumbua kuusimulia upya, kwani walibandika vipande vya filamu za Berserk za 2012 na 2013 wakaona inatosha. Ngazi 100!

ShokaButu: Pole sana mkuu, lakini msiba huu ni wa mwaka 2016 na wewe ndiyo kwanza unaanza kulia. Bila shaka uliinunua baada ya bei kushushwa, na sasa unataka sote tuvae nguo nyeusi.

MsomajiWaJuzuu: Namuunga mkono mleta uzi. Hata Griffith mwenyewe anachaguliwa, kwa hiyo mchezaji anaweza kumshusha aliyewauza wenzake katika shimo lenye jina la siku aliyowauza, na gemu ikampongeza.

BintiWaPwani: Tusiseme kwamba gemu haiwezi kubeba hadithi nzito. Ile gemu ya Berserk ya mashine ya Dreamcast ya mwaka 1999 ilikuwa fupi, lakini Miura alishiriki katika hadithi yake na Susumu Hirasawa akaitungia muziki, na ukiicheza unahisi kwamba Guts ni mtu anayeugua moyoni.

ShokaButu: Ukitaka kukasirika kwa haki, ikasirikie katuni ya televisheni ya Berserk ya mwaka 2016, iliyochorwa kwa kompyuta hadi watu wakatembea kama wanasesere wa mbao. Gemu angalau inatii mkono wako.

MsomajiWaJuzuu: Hapo umegusa kidonda changu. Upanga wa Guts katika katuni ile, kila ukigonga kitu, unalia kama sufuria iliyoanguka jikoni usiku wa manane.

Mleta uzi: Nawaomba turudi kwenye mada. Nilikuwa nazungumzia ngazi 100 na heshima ya waliokufa.

BintiWaPwani: Mimi nilidhani spika zangu zimeharibika, nikazipeleka kwa fundi.

ShokaButu: Fundi alisemaje?

BintiWaPwani: Alisema spika ni nzima na kwamba tatizo ni sufuria.

MsomajiWaJuzuu: Nasisitiza kwamba sauti ile ni ya sinia. Sufuria haina mwangwi mrefu kiasi kile.