Wilaya zetu za kusini mwa Tanzania na wastani wa taifa wa uhalifu: tunalinganishaje?

Mwana Liwale: Kwenye kikao cha kijiji mtu katuambia tushukuru, wilaya yetu iko chini ya wastani wa taifa kwa makosa kwa kila watu 100,000. Nimeondoka na donge. Sisi tuko laki moja na kitu. Yakitokea mauaji mawili mwaka huu na manne mwakani, kiwango cha mauaji kimeshakuwa mara mbili. Taifa lenye watu 61,741,120, kwa sensa ya 2022, halitikiswi na kesi mbili. Halafu nani atapanda bodaboda hadi kituoni kufuata RB, ile namba ya taarifa ya polisi, ya kuku watatu?

Kuchele: La kuku kweli. Yanaishia kwa mwenyekiti wa kijiji, mtu analipa, basi. Lakini kusini tumetulia, tusijichafue. Wezi tulio nao ni wa kangomba, wanaonunua korosho kwa bakuli nje ya mnada.

Mkulima Tandahimba: Kangomba umeiita wizi?

Kuchele: Bakuli linazidi kilo, analipa bei ya kilo. Uiteje?

Mkulima Tandahimba: Julai shule zinafunguliwa, mkorosho ndio kwanza unatoa maua, mnada hadi Oktoba. Anakuja mtu na hela mkononi. Nimwambie mwanangu asubiri mnada? Ada ya wanangu wawili imetoka humo. Usiniite mwizi.

Kuchele: Nimemsema mnunuzi, kaka, si wewe.

Mkulima Tandahimba: Umesema "wa kangomba". Tupo wawili kwenye lile bakuli.

Binti Masasi: Samahanini, sheria haiitaki. Stakabadhi ghalani, yaani korosho kupelekwa ghalani na kuuzwa mnadani, ipo tangu 2007, chama cha msingi cha ushirika kipo. Mmesahau 2017 jeshi lilipokuja kubeba korosho, wa kangomba walivyohangaika kwenye uhakiki wa nani ana shamba?

Mzee wa Nanyumbu: Ilikuwa 2018, mwanangu. Serikali ilinunua kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Na waliohangaika si wa kangomba peke yao. Mimi nina ekari zangu, nilihakikiwa, na hela nilizingoja hadi nikakopa.

Mwana Liwale: Hapo ndipo ninapopataka. Polisi wakiamua kukamata kangomba mwezi mzima, wilaya itaonekana imeharibika, na hakuna aliyeanza wizi jana. Wasipokamata, tunaitwa salama. Takwimu inapima kazi ya polisi au tabia yetu?

Binti Masasi: Mzee, shikamoo. Mkopo huo ulitoka wapi, kama si kwa hao hao?

Mzee wa Nanyumbu: Marahaba. Ndiyo, kwa hao hao. Kwingine wapi?

Kuchele: Basi chama kikopeshe Julai, bakuli litakufa lenyewe.

Mkulima Tandahimba: Wewe unaishi wapi sasa hivi?

Kuchele: Temeke. Kwetu ni Newala.

Mkulima Tandahimba: Rudi Newala Julai, ulale hata wiki mbili, uone nani anagonga mlango na hela. Tutaongea.