Lifti ya angani ifikapo 2050: uhandisi au porojo?

Fundi_Mitambo: Wakuu, mwaka 2012 Obayashi, kampuni ya ujenzi ya Japani, ilitangaza kwamba ifikapo 2050 inaweza kuwa na lifti ya kwenda angani. Kebo km 96,000, behewa la watu 30, mwendo km 200 kwa saa, siku saba na nusu hadi kituo cha km 36,000, pale ambapo setilaiti inazunguka sambamba na dunia na kuonekana imesimama. Gati lake linaelea baharini. Nauliza kitu kimoja tu: kebo yenyewe inajengeka? Wenye hesabu waje na hesabu. Washangiliaji wapite kimya.

Nyuzi_Kaboni: Inajengeka, na malighafi inajulikana. Kebo haibebi behewa tu, inajibeba yenyewe, kwa hiyo mvutano unazidi kadiri unavyopanda hadi km 36,000, kisha unapungua. Ili mkazo (nguvu kwa kila eneo la mkato) uwe sawa kote, unainenepesha pale km 36,000. Eneo la mkato pale km 36,000 gawanya kwa la chini, unapata e (ile namba 2.718) yenye kipeo hiki: milioni 48.5 mara densiti gawanya kwa mkazo (kilo, mita, paskali). Chuma, hata tukikipendelea kwa nguvu ya gigapaskali 5 (paskali bilioni 5): kipeo ni 77, yaani moja ikifuatwa na sifuri 33. Sahau. Kevlar, gigapaskali 3.6: mara milioni 260 hivi. Nanotyubu za kaboni, yaani vijirija vyembamba mno vya kaboni, densiti 1,300, tuseme gigapaskali 50 tuzikate nusu kwa usalama: mara 12. Kwa mara 12 unakaa meza moja na mkandarasi.

Pwani_Kavu: "Tuseme gigapaskali 50." Hapo ndipo mnapouziwa mbuzi kwenye gunia. Vipimo vya mwaka 2000 vilitoa gigapaskali 11 hadi 63, lakini kwa tyubu moja moja, za kuonekana kwa hadubini. Wachina wa Chuo Kikuu cha Tsinghua mwaka 2018 walivuka 80 kwa vifungu vidogo, urefu wake sentimita. Ukishasokota nyuzi za kiwandani, tyubu hazikatiki, zinachomokana, kwa sababu kinachozishikanisha ni mvuto dhaifu wa ubavu kwa ubavu, na unabaki na gigapaskali chache. Mtafiti Nicola Pugno wa Torino, Italia, alionyesha mwaka 2006 kwamba atomu chache tu zikikosekana ukutani mwa tyubu, kebo ndefu inabaki na kama asilimia 30 ya nguvu ya kwenye karatasi. Kwa km 96,000 kasoro hizo haziepukiki.

Halafu utasikia mtu anataka ijengwe Nanyuki eti ndiko ikweta inakopita. Reli ya SGR yenyewe ilikwama Naivasha.

Mlima_Kenya: Nani ametaja Nanyuki hapa? Umejichokoza mwenyewe. Ila kwa kuwa umelileta, tulizungumze. Ikweta inapita pale, na Mlima Kenya una mita 5,199, karibu nusu ya hewa yote ya dunia iko chini ya kilele. Na msituambie Waafrika hatujui kurusha: jukwaa la San Marco, Malindi, lilirusha setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri.

Pwani_Kavu: Lililorusha ni jukwaa la Waitaliano, roketi ya Wamarekani. Sisi tulitoa bahari na jina.

Mlima_Kenya: Na Florida, wanakorushia roketi Wamarekani, ilitoa nini zaidi ya kinamasi? Eneo ni mtaji, kaka.

Nyuzi_Kaboni: Ndugu zangu, mlima unakuokolea km 5.2 kati ya 36,000, sehemu moja kati ya karibu 7,000. Hasara yake ni kubwa zaidi. Nanga ya mlimani haihami. Gati linaloelea unalisogeza, unatuma wimbi kwenye kebo, setilaiti iliyokufa inapita pembeni. La pili ni radi. Orodha ya NASA ya 2016 iliweka Kabare, mashariki ya Kongo, ya pili duniani kwa radi baada ya Ziwa Maracaibo la Venezuela, na Ziwa Victoria kila mtu anajua usiku wake ulivyo. Kaboni inapitisha umeme. Radi moja nzito, hiyo kebo ni utambi. Ndiyo maana Bradley Edwards, alipofanya utafiti wake kwa fedha za NASA mwanzoni mwa miaka ya 2000, aliipeleka Pasifiki mashariki, magharibi ya Ekwado, penye radi chache.

Binti_Kismayu: Tena ikweta haigusi pwani ya Kenya. Inatokea baharini Somalia, kaskazini kidogo ya Kismayu. Malindi iko digrii tatu kusini. Si tatizo kubwa, kebo itainama tu. Ila kuna jambo hamjalitaja: dunia si duara kamili hata pale ikweta, kwa hiyo kitu kilichoachwa obiti ya km 36,000 kinavutwa polepole kuelekea sehemu mbili, digrii 75 mashariki na digrii 105 magharibi. Kebo ikishafungwa chini haijali sana. Wakati wa ujenzi, kabla ncha haijafika chini, unaijali kila siku, kwa sababu unachoma mafuta ili ubaki ulipo. Digrii 75 mashariki ni Bahari ya Hindi, jirani na Maldivi. Mnaogombania eneo, anzieni hapo.

Mlima_Kenya: Sawa, Bahari ya Hindi ni yetu pia. Na msisahau tamko la Bogotá, Kolombia. Desemba 1976 nchi za ikweta, Kenya, Uganda, Kongo na Zaire zikiwemo, zilitamka kwamba kipande cha obiti hiyo kilicho juu ya ardhi yao ni mali yao. Kodi ya maegesho tu ingetulisha.

Wakili_Obiti: Mkataba wa anga za juu wa 1967, ibara ya pili: hakuna nchi inayojimilikisha anga za juu, iwe kwa tamko, kwa matumizi au kwa kukalia. Tamko la Bogotá lilipigwa chenga na kila mwenye roketi.

Mlima_Kenya: Na km 20 za kwanza, zenye ndege, ni anga ya nani?

Wakili_Obiti: Ya nchi iliyofungiwa nanga. Ikielea bahari kuu, si ya nchi yoyote. Ndiyo sababu nyingine ya kupenda gati baharini, na wanaochora michoro wanaijua vizuri.

Fundi_Mitambo: Jamani, KEBO.

Pwani_Kavu: Kebo haya. Tusiongelee ndoto, tuongelee waya zilizokwenda angani kweli. Mwaka 1992 chombo cha Marekani kilijaribu kuachia setilaiti ya Italia kwa waya wa km 20 na ushee. Ulikwama kwenye mita 256 kwa sababu ya bolti iliyochomoza kwenye mtambo wa kuachia waya. Bolti! Mwaka 1996 wakarudia. Waya wenye unene wa milimita 2.5 hivi, shaba ndani, plastiki ya kuhami juu yake, Kevlar ya kubeba mzigo. Ulifika km 19.7. Plastiki ilikuwa na jeraha dogo, waya ukikatiza uga sumaku wa dunia ulizalisha karibu volti 3,500, cheche ikaruka kwenye fremu, ikaunguza Kevlar, waya ukakatika na setilaiti ikaenda zake. Km 20 zimewashinda kwa tundu dogo hivyo, nyie mnaniambia 96,000.

Nyuzi_Kaboni: Huo ulikuwa waya wa majaribio ya umeme, ulitengenezwa makusudi uzalishe umeme. Unaulaumu waya kwa kufanya kazi yake. Mbona husemi waya wa majaribio wa TiPS, wa 1996? Km 4, unene wa milimita 2, ikakaa juu karibu miaka 10.

Pwani_Kavu: Na waya mwingine wa majaribio, SEDS-2 ya 1994, km 20, ilikatwa baada ya siku nne hivi. Unachagua.

Nyuzi_Kaboni: Ilikuwa uzi mmoja! Kebo ya lifti ni utepe mpana, nyuzi nyingi sambamba zenye viungo vya kukingama. Kimondo kidogo kikikata nyuzi kumi, za jirani zinapokea mzigo. Pale penye taka nyingi unaupanua utepe, na penye oksijeni ya atomu moja moja, km 200 hadi 800 hivi, unaupaka chuma chembamba kwa sababu oksijeni hiyo inakula kaboni.

Kijana_Moshi: Basi tuanze na nusu. Kebo ikishuka, watu wanapanda hadi km 400, wanashuka kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, wengine waendelee.

Binti_Kismayu: Kaka, ukiwa juu ya kebo kwenye km 400 unakwenda upande kwa mita 494 kwa sekunde. Kituo kinapita hapo kwa km 7.7 kwa sekunde. Hutakipanda, kitakupitia. Na ukiachia mkono hapo unadondoka kama jiwe, maana uzito wako bado ni karibu asilimia 90. Ili uachie na ubaki kwenye obiti bila kugonga hewa unahitaji uwe km 23,400 hivi.

Kijana_Moshi: Nilimaanisha kwa bidhaa, si watu.

Binti_Kismayu: Mchele nao unadondoka.

Fundi_Mitambo: Umeme? Behewa la tani 20 kwa km 200 kwa saa karibu na ardhi ni kama megawati 11, kabla ya hasara ya mota na ya leza inayolipelekea behewa nishati.

Nyuzi_Kaboni: Unaanza polepole, unaongeza mwendo uzito ukipungua. Kinachobana biashara si umeme, ni foleni. Kebo iliyopimwa kwa behewa moja zito haikubali la pili mpaka la kwanza lipungue uzito. Kwenye km 6,400 uzito umebaki robo, na kwa mwendo wa Obayashi hapo ni saa 32. Kwa hiyo behewa moja kila siku na theluthi, labda mjenge kebo nene zaidi.

Pwani_Kavu: Nene zaidi kwa gigapaskali zipi?

Mlima_Kenya: Na ushuru wa foleni hiyo analipwa nani? Wakili bado hajanijibu kuhusu maegesho.