Ziara ya siku nne Mafia na mama anayeumwa magoti: hii ratiba niikubali?

Binti Kalenga:

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri kabla sijalipa malipo ya kwanza, nimepewa mpaka Ijumaa.

Mama yangu ni mwalimu mstaafu wa historia. Miaka yote amefundisha habari za miji ya pwani, Kilwa, Kua, Kisimani, na hajawahi kukanyaga hata mmoja, maana mshahara wake ulikuwa unaishia kwetu watoto. Ana miaka 67. Magoti yanamsumbua, ngazi anapanda kwa kushikwa mkono, ila hamu ya kuona iko palepale. Nataka Desemba shule zikifungwa nimpeleke Mafia pamoja na wanangu wawili, wa miaka 12 na 9. Mkubwa anaogelea, mdogo hajui kabisa.

Kampuni moja imenitumia ratiba ya siku nne, na mwongozaji atakuwa nasi muda wote:

Siku ya 1: ndege ya asubuhi kutoka Dar, hoteli Utende, mchana kisiwa cha Chole.
Siku ya 2: saa 3 asubuhi boti kwenda magofu ya Kua kisiwani Juani, kuona kasa wakianguliwa hukohuko, chakula cha mchana fungu la mchanga la Marimbani.
Siku ya 3: Kilindoni, kuogelea na papa potwe, "kuwaona ni uhakika".
Siku ya 4: mnara wa taa wa Ras Mkumbi, kisha ndege ya jioni kurudi Dar.

Bei inakaribia mishahara yangu miwili, kwa hiyo sina nafasi ya kurudia safari hii. Waliowahi kufika au wenyeji wa huko, hii ratiba imekaa sawa? Mama ataiweza?

Fundi wa Mbagala:

Dada, kama lengo ni historia kwa nini usimpeleke Kilwa Masoko? Basi la moja kwa moja kutoka Dar, halafu boti fupi tu mko Kilwa Kisiwani. Magofu yake yametunzwa kuliko ya Kua, na yako kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu 1981. Hela itabaki.

Binti Kalenga:

Asante kaka. Kilwa nimeifikiria sana. Ila watoto wameshika potwe, na mama mwenyewe nilipomuuliza alisema Kua, kwa sababu Kilwa kila mtu anaijua.

Nahodha wa Juani:

Dada Kalenga, nisalimie mama, mwambie shikamoo. Mimi ni mtu wa maji hukuhuku, napeleka wageni Chole, Juani na Jibondo. Nitakwambia ninachokiona kwenye hiyo karatasi.

Imeandikwa na mtu anayetazama saa ya ukutani. Ghuba ya Chole haiendi kwa saa hiyo, inaenda kwa maji kujaa na kupwa. "Saa 3 asubuhi Kua" inaweza kuwa safari nzuri kuliko zote kwa mama yako au ikawa mateso, na tofauti ni tarehe tu. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kama saa kumi alfajiri na saa kumi jioni, na saa nne asubuhi yamekupwa kabisa. Mkifika Kua saa hiyo boti itasimama mbali, na mama atashuka kwenye tope na mawe makali ya matumbawe. Kwa magoti hayo, hapana. Siku za maji mafu, yaani maji yasipojaa wala kupwa sana, mambo yanageuka: maji yanajaa saa nne, saa tano asubuhi, boti inasogea karibu na nchi kavu, anashuka hatua chache tu.

Kwa hiyo kabla ya kulipa, chukua kalenda ya Kiislamu. Mwezi saba, nane, na mwezi ishirini na mbili hivi, yaani siku za mwezi mwandamo, ndiyo maji mafu. Panga siku ya Kua iangukie hapo. Kampuni ikikuuliza kwa nini unabadilisha tarehe, waambie wamuulize nahodha wao. Akiwa wa huku atakuelewa mara moja.

La pili, kasa. Kasa wa Juani wanaanguliwa kwa wingi kipindi cha kusi, Juni mpaka Septemba. Desemba kuwaahidi watoto jambo hilo si haki. Waambie walitoe kwenye ratiba na walitoe kwenye bei.

La tatu, Kua yenyewe. Magofu yametawanyika porini, kuna misikiti na nyumba kubwa iliyokuwa ya ghorofa, na mibuyu imeota katikati. Hakuna ngazi nyingi, lakini njia ina mizizi na mawe. Omba mzee wa Juani awaongoze pale, hata kama mnaye mwongozaji kutoka Dar. Wazee ndio wenye simulizi ya Kisimani na Kua: watu wa Kisimani walivyowaalika wa Kua kwenye kushusha chombo majini, wakawachukua watoto wa wageni wao na kukipitisha chombo juu yao, na watu wa Kua walivyokaa kimya miaka, halafu wakawaalika Kisimani harusini kwenye chumba cha chini ya ardhi na kuuziba mlango kwa ukuta wakiwa humohumo. Mwalimu wa historia ataketi hapo asubuhi nzima. Mpeni muda, msimkimbize kwenda Marimbani.

Mama wa Wawili:

Nahodha amesema kweli tupu. Mimi nilimpeleka mama mkwe, naye ana tatizo la magoti. Naongeza mambo madogo ambayo hakuna kampuni itakayokuandikia.

Waombe wabebe kigoda kigumu kwenye boti. Kupanda na kushuka ndiyo kazi, kukaa si kazi. Na sema mapema kabisa kwamba mna mtu mzima anayehitaji vijana wawili wa kumshika. Watu wa Mafia wana heshima sana kwa wazee, ila wakikutwa ghafla na boti imeshajaa, kila mtu anahangaika. Viatu vya plastiki vya kufunga nyuma, siyo ndala. Kitenge cha ziada cha kujifunika jua, maana boti nyingi hazina turubai la kutosha.

Mtoto asiyejua kuogelea: ulizia kwa maandishi kama wana jaketi okozi la saizi yake. La mtu mzima kwa mtoto wa miaka 9 linamvuka kichwani. Wakisema "yapo" bila kukuonyesha picha, nenda na lako.

Chole utaipenda. Hakuna magari, mama atatembea taratibu kwenye vivuli. Kuna magofu ya boma la Wajerumani, maana hapo ndipo palipokuwa makao yao kabla ya kuhamia Kilindoni, na kuna popo wakubwa wa matunda wananing'inia mchana kweupe. Watoto wangu walisahau bahari.

Bin Kilindoni:

Naongelea potwe kwa sababu ndiyo kazi yangu.

Msimu ni Oktoba mpaka Machi, kwa hiyo Desemba uko sawa. Lakini neno "uhakika" lifutwe. Potwe ni mnyama wa porini, anafuata chakula, vijidudu na kamba wadogo wanaojikusanya mbele ya Kilindoni. Siku nyingi tunawaona, siku nyingine tunazunguka mpaka jua linawaka na hatuoni pezi. Ndiyo maana kumweka siku ya tatu, na siku ya nne mnaondoka, ni kosa la kupanga. Mwekeni siku ya mapema ili asipotokea mbaki na asubuhi nyingine.

Tokeni asubuhi na mapema, bahari ikiwa imetulia. Mkubwa wa miaka 12 anaweza kuingia majini na mwongozaji. Bibi na mdogo watamwona vizuri kutoka kwenye boti, kwa sababu anakula juujuu ya maji. Wengi wanaokuja kwetu ni vijana wa mita sita hadi nane, na hata hao ni wakubwa kuliko boti nyingine. Haumi mtu. Sheria: usimguse, usimzingire, usimkatie njia. Nahodha akimwendea kwa kasi na mashine inanguruma, mwambie asimame, ni haki yako kama mgeni na ni haki ya yule mnyama.

Jambo la hela sasa. Utende iko ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mafia, na ada ya hifadhi inalipwa kwa kila mtu kwa kila siku. Kilindoni iko nje. Mkilala Utende halafu mkaja Kilindoni kwa potwe, mnalipia hifadhi siku ambayo hamkuitumia. Laleni kwanza Kilindoni kwenye nyumba za wageni za kawaida, malizeni potwe, ndipo mhamie Utende kwa ajili ya Chole na Juani. Ni kilomita kama 15 tu, lami. Na hakikisha kampuni imewahesabu kwa ada ya raia, siyo ya mgeni wa nje. Mbebe vitambulisho vya taifa na vyeti vya watoto, mdai na risiti yenye namba ya malipo ya serikali.

Ras Mkumbi ni kaskazini kabisa ya kisiwa. Mnara ni wa enzi za Wajerumani, pazuri, lakini barabara ni ya kutikisa, na kuifanya siku ya ndege na mtu mwenye magoti sikushauri.

Fundi wa Mbagala:

Basi angalau wapande kivuko cha Nyamisati, waokoe nauli ya ndege.

Bin Kilindoni:

Kivuko kipo na sisi ndicho tunachopanda. Ila hesabu: Mbagala mpaka Bungu, kisha uingie barabara ya Nyamisati, usubiri, halafu saa kadhaa za bahari. Kijana atafika vizuri. Mama wa miaka 67 atafika amechoka na siku ya kwanza imekwisha. Ndege ni nusu saa na kitu. Kama kuna mahali pa kutumia hela, ni hapo.

Binti Kalenga:

Mungu awabariki jamani. Nimewapigia leo. Kasa wametolewa na bei imeshuka. Ras Mkumbi nimeifuta, na siku mbili za mwanzo tunalala Kilindoni. Kuhusu tarehe walibisha kwanza, wakasema "maji hayana shida". Nikaomba namba ya nahodha wao. Yeye mwenyewe akanitajia siku mbili za kufaa kwa Kua, na zote ziko karibu na mwezi ishirini na mbili kama ulivyosema Nahodha.

Swali la mwisho. Mama amesikia habari za ile meli ya Kijerumani ya vita vya kwanza, anauliza kama kuna chochote cha kuona.

Nahodha wa Juani:

Königsberg. Yenyewe ilizama kwenye delta ya Rufiji, Julai 1915, siyo huku. Lakini Waingereza waliichukua Mafia Januari mwaka huohuo, wakaweka hapa ndege za kuitafuta ilikojificha mikokoni. Mkiwa hewani kutoka Dar akae dirisha la kulia, hali ya hewa ikiwa safi ataiona delta yote kabla ya kuvuka mlango wa bahari. Mwombeni rubani nafasi hiyo mnapopima mizigo, na mizigo iwe mabegi laini, kilo 15 kila mtu.

Siku ya Kua mkitoka Utende saa tatu kasoro, mtakuwa na maji ya kutosha kwenda, na mtarudi kabla hayajakupwa.